Genoveva na dume aitwaye Blanketi

Saa moja kasoro robo asubuhi, ukungu wa Mlima Hanang bado haujaamua kuondoka Gendabi. Genoveva Amsi anazunguka nyumba yake kwa miguu, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka. Mkono wa kushoto umeshika fungu la sufu. Wa kulia unakipa msokoto kijiti chenye kipande cha kibuyu mwishoni, kisha anakiachia kining'inie. Kijiti kinazunguka hewani, na uzi unarefuka.

Tumbo la miezi minane linamtangulia. Nyuma yake anafuata mwanawe Sylvester, mwenye miaka mitatu, ameshika pindo la kitenge cha mama. Nyuma ya Sylvester yupo kuku, na nyuma ya kuku yupo Marieta, miaka mitano, anayemfukuza kuku huyo kwa sababu anazojua mwenyewe. Msafara mzima unapita mbele ya mwandishi, unapotelea nyuma ya nyumba, kisha unatokea tena upande wa pili.

"Nikikaa tu, wananipanda," anasema Genoveva bila kusimama. "Kwa hiyo sikai."

Kuna watu mjini wanaoamini kwamba kusokota uzi na kufuma ni kazi ya kujipumzisha, mtu na kiti chake, mtu na chai yake. Waje Gendabi. Mwanamke huyu wa miaka thelathini na mmoja anakadiria kuwa uzi wa sweta moja la mtoto humtembeza kama kutoka kwake hadi mjini Katesh na kurudi. Ni kwa kufuma kwenyewe tu ndipo hukaa chini, na hapo ni mpaka wadogo walale mchana au washughulike na matope.

Sindano zake ni spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Huzichomeka juu kwenye boriti, mbali na Sylvester, ambaye mwaka jana alizichukua akaenda kuchokonoa shimo la panya. Moja haikurudi.

Hata hivyo watoto hao ni mafundi wake. Marieta huchambua sufu, akitoa miba na vinyesi vikavu kwa vidole vyembamba ambavyo mama yake anavionea wivu. Sylvester naye ana kazi yake peke yake nyumbani hapo. Kijiti kikijaa uzi, huitwa, akasimama wima na kunyoosha mikono mbele, na mama akauzungusha uzi kwenye mikono hiyo miwili. Malipo ni kiazi cha kuchemsha, ambacho Marieta humlisha maana mikono imeshikwa.

Uzi unaotosha mikono yake kwa mara moja, Genoveva anauita "mkono". Ndicho kipimo chake. Sweta la mtoto wa chekechea ni mikono minane.

"Mwaka jana ilikuwa kumi na mmoja," anaeleza. "Mwezi wa pili nilifuma sweta la mtoto wa nesi, uzi ukabaki mwingi. Nikafumua nikijua nimekosea mahali. Kumbe kijana amekua mikono."

*

Genoveva hakuzaliwa Gendabi. Alizaliwa Nambis, wilayani Mbulu, kwa wakulima wa ngano na vitunguu saumu, akaolewa huku Hanang miaka saba iliyopita na Yoakimu Tluway. Kusokota hakukukuta kwao wala kwa wakwe. Alifundishwa na mpangaji.

Mpangaji huyo alikuwa Mwalimu Eva Sanga, mwenyeji wa Makete, aliyepangiwa shule ya jirani na kukodi chumba uani kwao. Baridi ya Gendabi haikumtisha, alitoka kwenye baridi. Jioni alikuwa akisokota huku akisahihisha madaftari ya wanafunzi, na Genoveva, aliyekuwa na Marieta mgongoni, alikuwa akimtazama mikono. Alipopata uhamisho, mwalimu aliacha vitu viwili: ndoo yenye ufa na kijiti cha kusokotea.

Kijiti bila sufu ni ukuni tu. Kondoo wa maeneo haya wana manyoya mafupi yasiyosokoteka. Ndipo Genoveva alipomwomba mumewe jambo ambalo hadi leo wanaume wa kijiji hulisimulia wakitaka kucheka: Yoakimu akatoa kondoo wake wanne wenye mikia minono, akabadilishana na mfugaji mmoja wa upande wa Kilimanjaro, akarudi na watatu tu, majike mawili na dume. Walikuwa na sufu hadi machoni. Mikia yao ilikuwa kama kamba ya kufungia gunia.

Jirani yao Gidamis, mfugaji ambaye kondoo wake ni wengi kuliko majina anayoyakumbuka, alikuja kuwaona. Alimzunguka dume mara moja, akamwinua mkia kwa vidole viwili, akauliza kwa upole, "Huyu amekatika njiani, au mmelipia nusu?"

Msomaji asiye wa huku aelewe kwamba huo haukuwa utani mtupu. Mkia wa kondoo ni mafuta, na mafuta hayo ni ya mzazi. Mwanamke akijifungua, nyumba yake humchinjia dume, na supu iliyokolea mafuta ya mkia ndiyo humrudishia nguvu. Ndiyo pia huwaonyesha wanawake wanaokuja kumwona mtoto kwamba huyu mama ana watu. Kondoo asiye na mkia, kwa macho ya Gendabi, ni kondoo aliyesahau kazi yake.

Mambo hayakuanza vizuri. Sufu ya kwanza Genoveva aliiua kwa mikono yake. Kwao, chochote kitakachomgusa mtoto mchanga lazima kichemshwe, na yeye alikuwa akitaka kumfumia Sylvester, aliyekuwa na miezi michache. Basi akaitia sufu yote sufuriani, akaweka sabuni, akachochea na kukoroga kwa mwiko kama anasonga ugali. Ilipopoa ilikuwa imeshikana kipande kimoja, kigumu na kinene, ambacho kisu kilikikata kwa shida.

Habari zilifika kwa Gidamis kabla ya jioni. Ikasemwa kijiji kizima kuwa mke wa Yoakimu amepika kondoo bila nyama.

Kipande kile hakikutupwa. Mama mkwe wake, Bibi Mectilda, alikichukua akisema atakitafutia matumizi, na tangu siku hiyo anakikalia. Ukimuuliza, anasema ni kwa sababu kipo karibu. Mwandishi amemshuhudia akikibeba chini ya kwapa kwenda nacho kwenye sala za jumuiya.

*

Leo mambo yamenyooka kiasi. Wateja wa Genoveva wengi ni watumishi waliopangiwa kazi Hanang kutoka mikoa ya joto, walimu na wauguzi, ambao mwezi wa sita huwakuta wamejifunga mashuka juu ya koti. Sweta la mtoto anauza shilingi elfu kumi na nane, na kwa mwezi hutoa matatu, manne watoto wakiwa wazima. Si utajiri. Lakini ndiyo sabuni, ndiyo daftari, ndiyo nauli ya kliniki bila kumwomba mtu.

Zaidi ya nusu ya sufu hiyo inatoka kwa dume. Watoto walimwita Blanketi, na jina likamkaa. Ana kilo tatu na nusu za sufu kwa mkato mmoja, nyeupe, ndefu, isiyokatika. Majike mawili yakiunganishwa hayamfikii. Ni mpole pia. Sylvester hulala usingizi wa mchana akiwa amemwegemea, na Blanketi huacha kutafuna ili asimwamshe. Hivyo ndivyo Marieta anavyoapa, na hakuna aliyeweza kuthibitisha vinginevyo.

Na hapo ndipo penye mwiba. Mwezi wa tano, tumbo lilipokuwa halifichiki tena, Bibi Mectilda alikuja na kukaa kwenye kipande chake, akatangaza kwamba mkwe wake akijifungua atachinjiwa. Zizini dume ni mmoja. Jike la kuzaa halichinjwi. Wa kununua, kwa desturi ya nyumba hiyo, hana heshima. Mzazi huchinjiwa aliyelishwa na mikono ya nyumbani.

Genoveva alikwama. Kukataa ni kumrudishia mama mkwe heshima usoni, na kukubali ni kumtia kisu anayemlisha kwa sufu yake. Alijaribu mara moja tu kupitia pembeni. Alisema labda sufu ya Blanketi ingemfaa mtoto zaidi, blanketi zuri la kumfunika. Bibi Mectilda alimtazama.

"Mtoto hali sufu," alisema, na maongezi yakaisha.

Yoakimu naye, aliyepewa na Mungu mabega mapana, hakuyatumia hapo. Kila jambo hili lilipotajwa, alikumbuka uzio unaohitaji kurekebishwa. Mwandishi alipofika kwake mwezi wa sita, uzio wa shamba la Yoakimu ulikuwa ndio imara kuliko wote Gendabi.

*

Yaliyotokea asubuhi ile ya mwezi wa sita mwandishi hakuyapanga. Alikuwa amekaa na Bibi Mectilda kwenye ukuta wenye jua, akimuuliza maswali ya kawaida, kazaliwa lini, ana wajukuu wangapi. Genoveva alikuwa akizunguka na kijiti chake, akipotea na kutokea. Kwa kutafuta neno la kuendeleza mazungumzo, mwandishi akauliza kama naye Bibi alichinjiwa dume alipojifungua Yoakimu.

Bibi aligeukia upande wa mlima. Mwandishi alidhani hajasikia, akaanza kurudia swali.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Sikuchinjiwa."

Ulikuwa mwaka wa ukame, akaeleza. Kondoo wa mume wake walikufa wote, mmoja mmoja, hadi zizi likaota majani. Alipojifungua, walikuja wanawake kumwona mtoto kama ilivyo ada. Walifunua chungu, wakakuta mboga ya majani ya maboga, basi. Wakaila, wakashukuru, wakaaga vizuri.

"Walipofika njiani wakacheka," alisema Bibi Mectilda. "Ukuta ulikuwa wa fito, nilisikia. Mmoja alisema, yule amezaa kama mbuzi. Nilikuwa nimemshika Yoakimu hivi. Nikasema, mke wa huyu mtoto hatazaa hivyo. Hata kama ni dume mmoja tu duniani."

Marieta na Sylvester, akaendelea, walizaliwa wakati zizi lina kondoo wenye mikia, na wote wawili mama yao alichinjiwa. Huyu wa tatu ndiye amekuta zizi la sufu. Je, aache sasa?

Hapo kikasikika kitu kikianguka. Genoveva alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, uzi umekatika, kijiti kiko miguuni. Hakukiokota. Aliuliza kwa sauti ya chini kwa nini mama hakumwambia miaka yote saba.

"Aibu humsimulii mkweo," alisema Bibi. Kisha akamkemea Sylvester asikanyage uzi.

Mwandishi anakiri kwamba alitamani ardhi impasukie. Alikuja kuandika habari za masweta.

Mchana ule Genoveva alimwita mumewe kutoka kwenye uzio, akamwomba mkasi. Wakamlaza Blanketi kwenye turubai, wakamnyoa taratibu, Yoakimu akishika kichwa, Marieta akikusanya, hadi akabaki mwembamba na mwenye haya. Hakuna aliyeuliza kwa nini ananyolewa kabla ya wakati. Kila mtu alijua.

Alipomsindikiza mwandishi hadi njia panda, Genoveva alikuwa amelia, na hakujali kuonekana.

"Nilidhani anataka kuichinja kazi yangu," alisema. "Kumbe anataka kunivika nguo ambayo yeye hakuvikwa. Sasa mtu wa hivyo utamwambia nini?"

*

Wiki saba baadaye mwandishi anarudi Gendabi. Zizini yapo majike mawili. Ndani, kitandani, yupo msichana wa wiki tatu aliyezaliwa kituo cha afya akiwa na kilo tatu na robo, amelala kana kwamba hana habari na gharama yake. Wamempa jina Agatha.

Blanketi alichinjwa siku mama na mtoto waliporudi nyumbani. Yoakimu alifanya mwenyewe, asubuhi, nyuma ya uzio wake imara. Marieta alilia hadi homa ikampanda, na nyama hakuigusa. Genoveva anasema naye alilia akiwa ndani na mtoto kifuani, na kwamba yeyote atakayemwambia yule alikuwa mnyama tu, asimwambie akiwa karibu na sindano.

Wanawake walijaa. Walileta kuni, walileta uji, wakafunua chungu. Safari hii kulikuwa na kitu cha kuona.

Bibi Mectilda alichota bakuli la kwanza yeye mwenyewe, akalipeleka kitandani kwa mikono miwili, mbele ya wote. Genoveva alilipokea. Alilishika kidogo, likimchoma vidole. Kisha akalirudisha.

"Anza wewe, mama," alisema. "Hili ni la Yoakimu."

Wapo waliodhani mzazi amekataa chakula cha mkwe, na mmoja alikwisha shika mdomo. Bibi Mectilda alibaki na bakuli mikononi, akimtazama mkwe wake.

"Yoakimu ana miaka thelathini na minane," alisema hatimaye.

"Ndiyo," alijibu Genoveva. "Limechelewa."

Bibi akakaa kwenye kipande chake cha sufu iliyopikwa. Akanywa supu yote, bila haraka, mbele ya wanawake wa Gendabi, na machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Alipomaliza akapangusa mdomo kwa upande wa kiganja.

"Haina mafuta," alisema, akampa mkwe wake bakuli la pili.

*

Pengo lipo, na Genoveva halipambi. Oda za mwezi wa nane amezikataa. Sufu ya majike haitoshi, na mtoto mchanga humpa muda wa kufuma safu nne, tano, kisha humwita. Lakini majike yote mawili yana mimba ya Blanketi. Yatazaa mwishoni mwa mwaka Mungu akipenda, na akipatikana dume, maisha yake yamekwisha amuliwa na mwenye mamlaka.

"Huyo ni wa sufu," anasema Bibi Mectilda. "Asiguswe. Wa supu nitamlea mimi kwangu, mwenye mkia wa maana." Tayari amemwagiza Gidamis mwanakondoo. Gidamis ameuliza kama anamtaka mzima au wa kulipia nusu.

Mpango wa Genoveva ni kufikisha majike matano, na kuwafundisha wanawake wawili wa Gendabi walioomba, wote wenye watoto wadogo. Amewaambia sharti la kwanza ni kujua kutembea.

Leo mchana anafungua gunia la sufu ya mwisho ya Blanketi, ile iliyonyolewa mwezi wa sita, ambayo ameisokota yote mwenyewe, kidogo kidogo, ukingoni mwa kitanda, mtoto akilala. Anamwita Sylvester aje anyooshe mikono. Sylvester anachungulia, anautambua uzi, anarudi nyuma. Anasema hapana. Wanamwonyesha kiazi. Anasema hapana tena, anakwenda kukaa zizini.

Genoveva hamlazimishi. Anabaki na uzi mapajani, akitafuta pa kuuzungushia, mguu wa kiti au goti lake mwenyewe. Bibi Mectilda, aliyekuwa akimbembeleza mjukuu, anamlaza mtoto chini, anavuta kipande chake karibu, anakaa mbele ya mkwe wake na kunyoosha mikono yake miwili mirefu yenye mishipa.

"Zungusha," anasema.

Genoveva anazungusha. Uzi ni mweupe, na mikono ile inaula upesi. Mwandishi anauliza litakuwa sweta la nani, na yeye anaelekeza kwa kidevu kwa aliyeushika uzi, ambaye anajifanya kutazama mlima.

Litachukua mikono mingapi? Genoveva anafikiri, anacheka kidogo, anaendelea kuzungusha.

"Sijui," anasema. "Hii mikono ndiyo naianza leo."